Boma Moja, Jiko Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, katikati ya miaka ya themanini, nilipewa meza mbovu na mizani ya kupimia kuni. Mkuu wa Nishati wa Mkoa, mtu mfupi mwenye sauti ya mhubiri, alinitazama nilivyovaa tai. "Bwana Omolo," akasema, "hapa Kisumu hakuna mtu atakuheshimu kwa sababu ya jiko. Zoea." Nikazoea. Pale soko la Kibuye waliniita Bwana Jiko mpaka mke wangu akaacha kukasirika.

Tulifanya jaribio la mapishi: unampimia mama kuni, anapika ugali na samaki wake kama kawaida, kisha unapima zilizobaki. Kwenye mafiga hazibaki. Kwenye jiko letu la udongo, linalojengewa ndani ya nyumba, zilibaki. Nililiamini jiko lile kama wengine wanavyoamini dawa.

Miaka ya tisini ilipoingia, tulipata bosi mpya, Mratibu wa Sera, aliyekuja na neno jipya: gesi joto, yaani hewa chafu ya moshi inayobaki angani na kushika joto la jua. Kazi yetu sasa ikawa kuwashawishi madiwani watunge sheria ya kuzuia ukataji miti kwenye mlima ulio juu ya kijiji cha Pap Onditi. Mwenyekiti wao aliuliza swali moja la haki: "Mkifunga huo mlima, mama watapikia nini?" Tukamwahidi ripoti ya kuonyesha kwamba kila boma lina jiko.

Fomu ilitoka Nairobi, ikiuliza maboma tu. Kwetu, ndani ya boma moja la mume, kila mke ana nyumba yake na moto wake; mke mdogo habebi sufuria kwenda kupikia kwa mikayi, mke wa kwanza, hata mvua ikinyesha. Nami niliyajua hayo vizuri, maana nilizaliwa na mke wa pili.

Katika boma moja, Mama Apiyo, mke wa tatu, alinisimamisha. "Bwana Jiko, hiyo umejenga ni ya mikayi. Yangu utaleta lini?"

"Mwezi ujao, Mama."

Niliporudi ofisini nikamweleza Mratibu. "Mkuu, boma hili lina wake watatu. Jiko ni moja."

"Boma lina jiko ama halina?"

"Linalo, lakini..."

"Basi andika linalo. Bwana Omolo, kura ni Alhamisi. Unataka miti ama unataka kuhesabu bibi za watu?"

Nilitaka miti. Nikaandika, na si boma lile peke yake. Sheria ikapita, tukanywa soda, nikapigiwa makofi.

Mwezi ujao ulipofika sikuwa na jiko la kumpelekea, maana kwenye ripoti boma lake lilikwisha kupata. Mama Apiyo akapanda mlimani kutafuta kuni. Askari wa msitu walipopuliza filimbi alikimbia na mzigo wake, akaanguka kwenye korongo. Alikaa hospitalini siku mbili, akafa.

Nilikwenda matangani. Mikayi alitoka nyumbani kwake, macho mekundu, akasimama mbele yangu. "Hiyo jiko inafanya kazi mzuri sana, Bwana Jiko. Sasa ulitaka Apiyo apikie kwangu namna gani?" Niliona aibu ambayo haijaniacha hadi leo.

Madiwani waliogopa lawama, wakaifuta sheria. Mlima ukakatwa wote. Sasa ni mawe, na mvua ikinyesha udongo unateremka kwenye mashamba ya watu.

Vijana mnaoifanya kazi hii leo, mimi siwaambii muiache. Moshi ni adui, na sheria ile ilihitajika. Lakini ingieni kila nyumba, mwone moto unawaka wapi na ni nani anaupuliza. Mimi niliona, kisha nikaandika kingine.

Siku niliyostaafu nilipewa cheti kilichowekwa kwenye fremu, kinachotaja idadi ya maboma niliyoyafikishia nishati safi. Wajukuu wamekitundika sebuleni, wanajivuna nacho mbele ya wageni. Boma la Mama Apiyo limehesabiwa humo.