Kifuniko cha Modemu

Modemu yetu ililetwa na msafiri kutoka Amerika, imefungwa ndani ya soksi za ndugu yangu aliyeishi huko. Ilikuwa kisanduku cheusi, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, chenye taa nyekundu mbele. Kazi yake ilikuwa kuunganisha kompyuta na waya wa simu ili tupate imeili. Nilikuwa nikifundisha kupiga chapa katika chuo kimoja mjini Nyeri, na chuo kilipoletewa kompyuta mpya kiliniuzia moja ya zile kuukuu. Basi nyumbani kwetu King'ong'o nikahesabiwa mtaalamu. Nilichojua ni kuwasha na kumwomba Mungu.

Mama hakupenda modemu ikae wazi. Kwake kila kitu kilivikwa kitambaa cha kufuma: redio, televisheni, viti, hata simu yenyewe. Wanawake wa rika lake walikuwa hivyo, na mgeni aliipima nyumba kwa vitambaa vyake. Ilikuwa Julai, mwezi ambao ukungu wa mlimani haukuondoka hadi saa sita mchana, kwa hivyo modemu haikupata kitambaa chepesi. Ilifumiwa sweta nene kwa nyuzi zilizobaki za sare ya shule, likaibana kama kofia ya mtoto mchanga. Nilimwomba mama aache kitundu mbele nione taa. Kisha nikamsifu.

Mwaka huohuo baba alitolewa uvimbe kooni. Alirudi nyumbani na mrija shingoni, bila sauti, na daktari alinivuta kando akaniambia tusihesabu miezi. Kuanzia hapo baba aliongea kwa penseli, katika daftari la shule.

Yeye na ndugu yangu walikuwa hawaongei. Baba alikuwa ameuza sehemu ya shamba la kahawa ili kijana asome ng'ambo, na kijana akaacha masomo akaingia kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala. Baba alimwandikia kwamba asikanyage tena nyumbani kwake. Sasa, asubuhi moja, alinivuta mkono akaandika: "Mama, mwambie arudi. Yale maneno nimeyaondoa." Aliniita mama kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake, na aliponiita hivyo sikuweza kumkatalia kitu. Ndugu yangu alikuwa amehama, namba yake ya simu ilipokewa na watu wasiomjua, na barua ya posta ilichukua wiki tatu. Ilibaki imeili.

Niliituma alfajiri, saa kumi na mbili, kabla laini za Nairobi hazijajaa. Ilienda. Siku mbili baadaye kompyuta ikanionyesha kwamba kuna barua mbili zinazoningoja. Furaha niliyoipata haikudumu. Ya kwanza ilikuwa picha, nzito ajabu, ambayo nadhani aliituma kabla hajapata ujumbe wetu. Barua zilishuka kwa foleni. Ya mbele isipomalizika, iliyo nyuma haisogei. Picha ilifika nusu, taa ikazimika, laini ikakatika. Nilipoanza tena ilifika robo. Kadiri nilivyorudia ndivyo ilivyozidi kukatika upesi.

Niliilaumu simu. Nilibadilisha waya, nikapuliza tundu la ukutani, nikamwomba jirani apogoe mti wa mkima uliokuwa ukigusa nyaya. Fundi wa simu alipanda nguzo akakuta siafu ndani ya kisanduku, akawatoa, akanihakikishia kwamba sasa mambo ni sawa. Mambo hayakuwa sawa. Nilipiga simu kwa kampuni ya mtandao, na msichana akaniambia kwa upole kwamba wanaweza kufuta barua zote, lakini hawawezi kuchagua moja. Nilikataa. Nilimwandikia ndugu yangu kwamba barua zake hazifunguki, aje tu. Zilizokuwa zikingoja zikawa tatu, kisha nne. Kila nilipomaliza kuhangaika nilirudisha sweta vizuri, vumbi lisiingie.

Baba aliniuliza kila siku kwa macho. Nilimweleza kwamba kijana amejibu, ila barua zinakwama njiani, zinafika nusu. Nilisema kweli tupu, na nilijisikia nikisema kama mwongo. Aliandika: "Barua gani hufika nusu?"

Siku chache baadaye aliandika tena. "Usimwandikie tena. Mwache." Aliweka penseli ndani ya daftari akalifunga, na hakulifungua tena. Alikufa wiki hiyo, siku ya Alhamisi, ameelekea ukutani.

Kesho yake wanawake wa kanisa walijaa jikoni. Mama alivua vitambaa vyote vya nyumba vifuliwe na kutiwa wanga, kwa sababu waombolezaji wasingekaribishwa kwenye viti vitupu. Nilikaa kuandika habari za msiba. Modemu ilikuwa uchi. Picha ilishuka yote: ndugu yangu kando ya gari bovu, anacheka. Nyuma yake zikafuata barua nyingine, moja baada ya moja. Ya kwanza iliandikwa siku ileile aliyopata ujumbe wetu. "Mwambie baba nakuja. Mwambie anisamehe."

Niliigusa modemu. Ilikuwa na joto kidogo tu. Nikakumbuka jinsi lile sweta lilivyokuwa likitoka na moto kama nguo iliyopigwa pasi sasa hivi, nami nikafikiri ni uzuri wa sufu. Nililia kwa hasira, nikamchukia mama kwa muda wa dakika moja, kisha nikajichukia mwenyewe kwa muda mrefu zaidi. Mama alipoingia kuuliza kilichokuwa kimeharibika, nilimwambia ni waya wa barabarani. Ule ukurasa wa mwisho wa daftari niliuchana nikauchoma jikoni.

Ndugu yangu alifika siku mbili baada ya mazishi. Alikaa kwenye kiti cha baba bila kuvua koti.

"Email zilifunguka?" akaniuliza. "Mzee alisoma?"

"Alisoma."

"Akasema nini?"

"Aliandika ati anakungoja."

Aliomba nimwonyeshe. Sikuwa nimejiandaa. Nilisema kitu cha kwanza kilichonijia, kwamba ile karatasi iko kwenye mfuko wa koti la mzee, tulimzika nayo.

Mama alikuwa mezani akipanga vikombe. Koti lile alilipiga pasi yeye mwenyewe, na mifuko yote aliigeuza nje akaikung'uta mbele yangu. Aliacha vikombe, akanitazama, kisha akamgeukia mwanawe.

"Ni ukweli," akasema. "Ni mimi niliiweka."