Ploti Ndani ya Kompyuta

Mlangoni mwa chuo chetu cha kompyuta pale Kawangware palikuwa na kibao cha maandishi mekundu: HAKUNA GEMU. Kilikuwa kikubwa kuliko kibao cha jina la chuo chenyewe. Mwenye chuo alikuwa landilodi mwenye nyumba nyingi za kupangisha, tena mzee wa kanisa, na aliamini mambo mawili bila shaka yoyote: kwamba Mungu yupo, na kwamba vijana wa Nairobi wameharibiwa na gemu.

Wiki yangu ya kwanza alininyang'anya yangu. Ilikuwa ile ndogo ya mkononi, ya kupanga matofali yanayoanguka. Niliichimbua Soko la Toi chini ya rundo la sweta za watoto. Haikuwa na kifuniko cha betri, kwa hivyo nilizifunga betri kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nilikuwa nimeiweka mapajani, pointi zikikaribia elfu tisa, nikasahau kuzima sauti. Landilodi aliufuata ule mlio meza kwa meza mpaka akanifikia.

"Leta hiyo kitu."

"Mzee, nilikuwa tu naangalia saa..."

"Leta! Hapa watu wanasoma. Hawachezi."

Akaitia kwenye droo yake, akafunga na ufunguo. Nilimkasirikia wiki nzima, na sioni haya kusema kwamba yote yaliyofuata yalitokana na hasira hiyo.

Sikuweza kumjibu, maana nafasi yangu pale ilimtegemea baba. Baba alikuwa fundi wa mjengo. Alikuja Nairobi kutoka Magharibi akiwa kijana mwenye mwiko mmoja, na ndiye aliyejenga ile orofa juu ya bucha ambamo chuo kilikaa. Walikubaliana kwa mdomo tu: maadamu yeye ni fundi wa landilodi, binti yake atasoma. Sasa landilodi alikuwa na kiwanja kitupu nyuma ya chuo, akitaka kujenga ploti ya vyumba vya kupangisha, na kila akikutana na baba alimkumbusha kwamba mafundi ni wengi kama kuku. Baba alikuwa hajashika mwiko tangu mvua zianze. Nyumbani kwetu Kambi Muru tuliingoja kazi hiyo, yeye akiiombea, mimi nikijua kwamba akiikosa nami naaga kompyuta.

Kompyuta zenyewe zilikuwa sita, kuukuu, na zilikuja bila chochote ndani. Programu za dukani zilimshinda landilodi bei. Ndipo kijana mmoja wa chuo kikuu akaja na sidii moja mfukoni, akasema ni Linux, mfumo uliotengenezwa na watu kwa kusaidiana, na mtu yeyote ana ruhusa ya kuunakili. Landilodi alinung'unika kwamba rahisi ni ghali, lakini cha bure hakuwahi kukikataa. Mashine zikawaka na skrini nyeusi, herufi nyeupe, hakuna picha hata moja. Alifurahi mno. Kwa akili yake, gemu ni lazima iwe na rangi na kelele.

Alikuwa amefunga mlango akaacha dirisha wazi. Yule kijana aliacha gemu chungu nzima ndani ya mfumo wake, na niliziona siku niliyojifunza kuandika amri ya kuorodhesha vilivyomo. Moja ndiyo iliyoniteka. Vyumba vilichorwa kwa vistari, milango ilikuwa alama za kujumlisha, na korido ni mistari ya alama za reli. Wewe mwenyewe ulikuwa @, na ulitembea kwa kubonyeza H, J, K na L. Maadui walikuwa herufi tupu: S ilikuwa nyoka, B popo. Chumba hukioni mpaka ukiingie, na ukifa umekufa, unaanza upya kwenye vyumba vingine kabisa. Niliuawa na nyoka, nikauawa na popo, mara moja nikafa njaa. Niliipenda ile gemu kuliko chakula.

Siku landilodi aliponifuma sikusikia hatua zake. Nilisikia tu harufu ya dawa ya kifua juu ya bega langu.

"Hiyo ni nini?"

Kabla sijapata uongo wa kusema, akainama karibu na skrini na kujijibu mwenyewe.

"Hizi ni vyumba. Hii ni mlango... na hii ni korido. Wee msichana, unachora ploti?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na hii inatembea?"

"Ni keateka, Mzee. Anakagua vyumba kwa niaba yako."

Papo hapo S ikatoka chumbani na kuanza kumfuata keateka wangu.

"Na huyu?"

"Mpangaji."

"Mbona anafukuza keateka?"

"Amekatiwa stima, Mzee."

Landilodi akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake. Wenzangu wa meza za nyuma walikuwa wameuma vidole wasicheke, mmoja ameinama chini akijifanya anafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Tangu siku hiyo alikuja kila alasiri na stuli yake na kikombe cha chai. "Mpeleke kwa ile room ya mwisho tuone," alisema. "Hapo usipite, huyo B ni mkali." Keateka alipouawa alipiga funda la chai, kisha akasema wapangaji wa siku hizi hawana adabu. Nilipoanza upya nilimwambia hiyo ni plani nyingine, kompyuta inatafuta iliyo bora. Nilicheza mchana kweupe, chini ya kibao cha HAKUNA GEMU, mwenye kibao akinishangilia. Sijawahi kulipiza kisasi kitamu kama kile.

Halafu Alhamisi moja akaweka kikombe chini, akagusa skrini kwa kidole. Kulikuwa na vyumba tisa.

"Hii! Print hii. Kila moja tutagawa mara mbili, inakuwa kumi na nane. Kesho naita fundi aanze."

Printa ilikwaruza karatasi yake yenye matundu pembeni, nami nikasimama pale nikiitazama. Wiki zote hizo sikuwa nimefikiria kwamba plani huhitaji fundi, na kwamba fundi ni baba yangu. Akisema hiki si kitu, landilodi atajua alichezewa, nami nimefukuzwa na kazi imekwenda. Akinyamaza, atajenga ule upuuzi kwa mawe na simiti, na jina lake ndilo litakaloharibika. Nilitamani kumwambia jioni ile. Mara tatu nilifungua mdomo, mara tatu nikaomba chumvi.

Ijumaa baba alikuja na shati lake la kanisani, penseli sikioni. Landilodi aliitandaza karatasi mezani kama kitambaa cha harusi.

"Fundi, hii imechorwa na kompyuta. Kila chumba utagawa mara mbili. Na ni msichana wako ameiendesha."

Baba aliisoma muda mrefu. Kidole chake kilifuata korido moja, kikazunguka, kikarudi pale pale kilipoanzia. Kikafuata nyingine isiyofika popote.

"Hiki chumba cha kona," akasema taratibu, "mtu anaingilia wapi?"

Akanitazama mimi. Kwenye gemu nilitupwa ndani ya chumba kile kwa uchawi, na mlango wake wa siri nilikuwa sijaupata. Nikasugua pua.

"Mlango... bado haujaonekana, Baba."

"Hiyo ni store yangu," landilodi akadakia. "Ya security. Hata mwizi hawezi pata mlango."

"Na hii korido inazunguka?"

"Ni style, Fundi. Watu wa ng'ambo ndio hujenga hivyo."

Baba akaikunja karatasi mara nne, akaiweka mfukoni. "Wacha niiangalie nyumbani, Landilodi. Jumatatu utapata jibu."

Tulivuka Ngong Road. Tukapita Toi, katikati ya viatu vilivyoning'inizwa. Tulipofika mahali wanapouza mikanda akasimama.

"Hiyo kitu si plani. Ni nini?"

Sikukana. Nilimweleza yote, kuanzia droo mpaka keateka. Alisikiliza huku ameangalia mikanda.

"Ulijuaje, Baba? Ni ule mlango?"

"Unasugua pua ukidanganya tangu ukiwa na miaka mitatu. Lakini hiyo karatasi, hapana. Hiyo niliamini ni plani yake kabisa." Midomo ikaanza kumcheza. "Vyumba kumi na nane, na hakuna choo hata kimoja. Nikajua huyu ni landilodi amechora."

Akacheka mpaka muuza mikanda akacheka naye bila kujua sababu. Kisha kicheko kikamwisha, na uso uliobaki sikuupenda.

"Miaka yote nawaambia hawa watu, wekeni choo. Wananiambia, 'Fundi, wewe jenga, wacha maneno.' Na mimi najenga. Leo karatasi ya gemu inamwambia atengeneze chumba haina mlango, na anakubali."

Nilimwonea uchungu, na nikajionea aibu. Sisi wenyewe pale Kambi Muru choo chetu kilikuwa ng'ambo ya mtaro, cha watu wa ploti nne. Asubuhi mama alitoka mapema kushika foleni, na usiku hatukwenda kabisa. Mtu aliyejenga nusu ya vyumba vya Kawangware hakuwa na choo chenye mlango wa kujifungia.

"Hiyo mashine inaskiza wewe?" akauliza.

"Inaniskiza."

"Na yeye anaskiza mashine. Basi weka choo."

Jumapili baada ya kanisa tulikata mfuko wa simiti, tukautandaza sakafuni. Baba alichora, mimi nikahesabu: chumba kimoja vistari vingapi, mlango wapi, mfereji wa maji wapi. Vyumba kumi na sita vyenye madirisha, korido moja iliyonyooka kutoka geti, na pembeni vyoo viwili na bafu mbili. Jumatatu asubuhi niliviandika vyote kwenye programu ya kawaida ya kuandikia, kwa vistari vile vile na alama zile zile. Getini nikaweka @, kwa sababu nilijua landilodi atamtafuta keateka wake.

Alasiri akaja na stuli.

"Keateka amesimama?"

"Anangoja uamuzi wako, Mzee. Kompyuta imepata bora kuliko ile ya Alhamisi. Hii ndiyo plani ya mwisho."

Akahesabu vyumba, akakunja uso. "Mbona ni kumi na sita? Na hizi ndogo hapa kando ni za nini?"

"Choo, Mzee. Na bafu."

"Nani amesema choo?"

"Kompyuta."

"Itoe. Choo hailipi rent."

Katika zile mashine kulikuwa na kitufe ambacho ukikibonyeza mahali kisipokuwa na kazi, kompyuta hulia. Nikakibonyeza. *Pii!* Darasa zima likageuka.

"Inasema nini?"

"Imekataa, Mzee. Bila choo plani haiendelei."

"Jaribu tena."

*Pii!*

Landilodi akavuta stuli karibu. Nilimwona akiitazama ile skrini jinsi alivyozoea kuwatazama wapangaji wabishi. Angemwita yule kijana wa chuo kikuu, mchezo ungeishia hapo, na baba angerudi kuomba kazi kwingine.

"Iambie moja," akasema mwishowe. "Choo moja, bafu moja."

*Pii!*

"Ngumu kama mama mkwe! Haya, mbili mbili."

Nikaondoa kidole. Kompyuta ikanyamaza kwa heshima zote.

"Sasa imekubali," nikasema, na nilijikaza nisiguse pua.

Baba alianza kuchimba msingi Alhamisi ya wiki hiyo. Landilodi alimwambia kila aliyepita kwamba ploti yake imechorwa na kompyuta, na kwamba wenye akili siku hizi huweka choo. Alisisitiza tu korido ipinde mara moja, kwa ajili ya style, na baba akampindishia.

Nilipomaliza kozi landilodi aliniita ofisini, akafungua droo na kunirudishia gemu yangu. Ule mpira wa tyubu haukuwepo, kulikuwa na utepe mpya, na betri mpya. Niliiwasha hapo hapo. Pointi za juu kabisa zilikuwa zaidi ya elfu kumi na tano. Nikamtazama. Landilodi akageukia dirishani, akasugua pua.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni siku ya kukabidhi ploti. Mafundi wenzake baba walikuwa wameenda kunawa. Baba alipita chumba kwa chumba akijaribu milango, mpaka akafika vyooni. Hakuangalia tu. Aliingia, akafunga. Nilisikia komeo likisukumwa. Likafunguliwa, likafungwa tena. Nilimsubiri nje na ndoo yake ya vyombo, wala sikumwita.

Alipotoka alikuwa anafuta macho kwa mkono wenye vumbi la simiti.

"Inafunga vizuri," akasema.

Akachukua ndoo, tukashika njia ya kurudi Kambi Muru.