Kimya cha Mwalimu Kipaza

Wanafunzi walimwita Kipaza, naye alijua, wala jina hilo halikumkera. Kwa miaka ishirini na sita alifundisha hesabu darasa la sita kwa sauti iliyovuka ukuta na uwanja mpaka kwa muuza vocha wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa kusikiasikia tu alijua asilimia kuliko wengi waliokaa kwenye madawati. Kila somo lilipoisha aliuliza, "Tumeelewana?" Darasa zima lilijibu kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu," naye akafuta ubao, ameridhika.

Doa lake lilikuwa moja: bintiye wa pekee. Alisoma darasa hilohilo, akajibu ndiyo kama wenzake, kisha akaanguka vibaya mtihani wa hesabu. Kipaza, mama yake, alimwita mvivu mbele ya walimu wote, na neno hilo hakuwahi kulifuta. Sasa binti ana miaka ishirini na minne, ni fundi cherehani, anashonea sebuleni kwa mama yake. Hesabu haitajwi ndani ya nyumba ile. Akitaka robo ya kitambaa hagawi chochote. Anakikunja mara mbili na kukata, na mama hutazama pembeni.

Kisha koo la mwalimu likagoma. Daktari aliondoa vinundu viwili, akamwambia asitoe neno kwa miezi mitatu, hata la kunong'ona. Mwalimu mkuu, kwa huruma, alimpa kazi ya kutunza stoo ya vitabu. Kipaza akamwandikia kwenye karatasi: "Sitoki darasani." Kwa ukaidi hakuhitaji koo.

Ndipo akakumbuka vishikwambi. Vililetwa shuleni miaka miwili nyuma, vikapokelewa kwa hotuba na picha, halafu vikafungiwa kabatini visije vikaharibika. Na kweli havikuharibika, maana hakuna aliyevigusa. Vilikuwa kumi na vinne. Binti alimwonyesha namna ya kurekodi, bila maneno mengi, na mama akajipiga video ya mkono wake ukichora, ukikata duara vipandevipande, somo likiwa kugawanya sehemu. Watoto walikaa watatu kwa kishikwambi kimoja, wakatazama, wakarudisha nyuma kila walipokwama. Kisha mmoja mmoja alitoka kibarazani kurekodi sauti yake mwenyewe, akieleza alichoelewa na kujibu maswali ya mwisho wa video.

Mchana ule alikaa mezani nyumbani, spika ndogo masikioni, akitegemea kusikia masomo yake yakimrudia. Yalimrudia kweli. "Pindua sehemu ya pili, kisha zidisha," alisema wa kwanza. Wa pili akasema hivyohivyo, na wa tatu. Walikuwa wameiga mpaka kikohozi chake. Lakini swali la mwisho liliuliza kwa nini tunapindua, na hapo wengi walinyamaza mpaka muda wao ukaisha. Alisikiliza kimya cha watoto ishirini na tisa, mmoja baada ya mwingine, katika darasa la watoto arobaini na mmoja.

Kisha ikaja sauti ya msichana wa dawati la dirishani, mpole, asiyesumbua mtu. "Mwalimu, mimi hapa sielewi. Hata darasa la tano sikuelewa. Ukiuliza tunasema ndiyo kwa sababu wote wanasema ndiyo, na wewe unafurahi."

Mwalimu aliirudia rekodi hiyo mara tatu. Iliuma, tusidanganyane, mtu hafikishi miaka ishirini na sita kazini ili aambiwe hayo na mtoto wa miaka kumi na miwili. Aliinua macho. Upande wa pili wa meza binti alikuwa anakunja kitambaa, mara ya kwanza, mara ya pili.

Tangu wiki ile aliwapanga watoto kwa kufuata mahali kila mmoja alipokwama. Walioelewa waliwaeleza wenzao, wakabishana, wakachana karatasi. Mwalimu mkuu alichungulia dirishani, akauliza, "Humu kuna mwalimu kweli?" Mkono wenye chaki uliinuka katikati ya madawati, mwenyewe alikuwa amepiga magoti sakafuni, akimsikiliza mtoto mmoja. Yule msichana wa dirishani sasa alikuwa anasema "bado" waziwazi, bila woga, na siku aliposema "nimeelewa" mwalimu alimwamini.

Miezi mitatu ilipotimia daktari alimruhusu kuongea. Walimu walitaka salamu zake kwenye paredi ya asubuhi. Akakataa kwa kichwa, akafundisha siku nzima kimya, kisha akaenda nyumbani.

"Mwanangu," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mgeni. Binti akasimamisha cherehani. "Ulipokuwa darasani kwangu, ulikuwa unaelewa?"

Binti alikata uzi kwa meno. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Hapana, mama."

"Mbona hukusema? Nilikuwa nauliza kila siku."

"Ulikuwa unauliza darasa," binti alisema. "Mimi hukuniuliza."

Mama alivuta kiti, akakaa karibu naye. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta.

"Nakuuliza sasa," alisema.