Kasha la Mlangoni kwa Myahudi

Enzi zetu, mtoto hakuingia nyumbani kama mbuzi anayekimbia mvua. Alisimama mlangoni, akanyoosha mkono, akagusa kasha.

Tuliishi Ziwa, nje ya Eldoret, katika nyumba ya mawe aliyoiacha Myahudi mmoja alipouza shamba na kuondoka. Baba, karani wa maziwa kutoka upande wa Kakamega, alipewa vyumba viwili. Mama alikuwa amewalea watoto wa Myahudi huyo. Kwenye mwimo wa kulia wa mlango waliacha kijikasha cha bati, kirefu kama kidole, kimewekwa mshazari. Wenyewe walikuwa wakikigusa kisha wakibusu vidole, na Mama akaendelea vivyo hivyo. "Gusa kwanza," alituambia, "nyumba ijue ni wewe."

Tulitoka shule na tope hadi magotini, harufu ya mahindi ya kuchoma ikituvuta. Aliyesahau kugusa alisikia kiti kikiburutwa chumba cha ndani, ambako hakukuwa na kiti. Nilikisikia mwenyewe. Nilipokimbilia mlangoni kugusa, mahindi yangu waliyala wengine.

Leo nina diploma ya umeme, miaka ya jasho ng'ambo, na nyumba ya ghorofa Eldoret ambayo wapita njia huipiga picha. Kitasa chake husoma alama za vidole. Niliijenga ili Mama azeekee humo. Akafika mlangoni, akapapasa mwimo, akageuka. "Hii nyumba hainijui." Akarudi kwa dada yangu, kwenye chumba kinachovuja.

Nyumba ya Ziwa ilishabomolewa. Kasha liko makumbusho mjini, kati ya vinara vya Wayahudi na vibuyu vya maziwa ya mursik. Nikampeleka. Kijana wa pale alitueleza kwamba ndani mna sala iliyoandikwa kwenye ngozi. Mama akaweka vidole kwenye kioo.

"Shosh, hapo haturuhusu kugusa."

"Basi waambie wenyewe wasiniite."

Nyuma ya ukuta, kiti kikaburutwa. Kijana akageuka. "Lakini huko ni stoo," akasema polepole. "Nimeifunga mimi."

"Kumbe hawakubaki Ziwa," Mama alisema tuliporudi kwangu, akanyoosha mkono kwenye mwimo wangu mtupu, akabusu vidole, akaingia. Hajahama tena.

Wajukuu wangu wanabonyeza kitasa na kupita, masikio yamezibwa na muziki. Sisi tulijua nyumba inasikiliza. Wao wanajua nywila ya intaneti. Tukiwa mezani, kiti huburutwa ghorofani, na Mama huweka kijiko chini.

"Nani huyo hakugusa?"

Watoto hucheka. Mimi, na diploma yangu, huinuka na kwenda mlangoni kuwagusia.