Bawa Lililobandikwa Bila Tundu

Ilikuwa mwaka ule barabara kubwa ilipowekwa lami. Hapana, nasema uongo; ni mwaka uliofuata, maana pikapu yangu ilikuwa imeshabadilishwa injini, na kwa injini ya zamani tusingefika popote.

Jirani yangu tulimwita Gundi. Kazi yake ilikuwa kufunga mabawa ya nyuma kwenye magari ya mbio, yale yanayokaa juu ya buti, na gereji nzima haikuwa na drili. Alisafisha buti kwa spiriti, akapasha buti moto kwa mashine ya kukaushia nywele, akabandika utepe wa gundi wa pande mbili, akaliegemea bawa kwa viganja mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha alilibana kwa seloteipu ya karatasi. "Sasa lilale. Mpaka kesho gari lisiguswe."

Mashine ile ilikuwa ya mkewe. "Gari linapashwa moto," alikuwa akilalamika, "mimi naenda kazini nywele zimelowa."

Siku ninayoisimulia gari lilikuwa la shemeji yake, kaka wa huyo mke. Jekundu, ameachiwa na marehemu baba yao, hataki litobolewe hata tundu la sindano. Gundi alipomaliza alikuja kwangu tukanywa chai. Kurudi, gereji tupu. Seloteipu zimetupwa chini.

Fundi viatu wa mlango wa pili akainua kichwa. "Shemeji yako kalitikisa, kaona halichezi, kasema limeshashika. Wameenda barabara kubwa."

"Wameenda? Yeye na nani?"

"Na mama watoto wako. Anamfuata kwa pikipiki, simu kaifunga kwenye usukani, anarekodi bawa."

Gundi akakauka. Bawa lile likichomoka kwenye mwendo, litampiga mkewe kifuani. Akapiga simu, ikaita mpaka ikakatika.

"Mzee, washa gari!"

Tukaondoka, yeye kichwa nje ya dirisha.

"Kanyaga, mzee!"

"Nimekanyaga, baba, imeishia hapo!"

Tuliwaona kwenye mteremko: gari jekundu mbele, pikipiki imeligandia nyuma. Upande wa kushoto wa bawa ulikuwa umeshainuka, unapigapiga kama mdomo wa mtu mgomvi. Nikashika honi bila kuachia. Gundi akapiga kelele, "Kaa mbali! Kaa mbali!" Mkewe akatupungia mkono. Alidhani tunashangilia.

Sikuwa na la kufanya ila kumpita na kujichomeka katikati. Nikasikia breki zake nyuma yangu zikilia. Na bawa likang'oka, likagonga kioo changu cha mbele, kioo kikajaa nyufa, lenyewe likaruka mpaka mtaroni.

Tukasimama. Mkewe alikuwa amevua helmeti, mzima. Gundi alishuka mbio, akampita, akashuka mtaroni, akaliokota bawa na kuligeuza kutazama gundi.

"Limeanza kuachia upande mmoja tu," akasema. "Wangelisubiri mpaka kesho!"

 Mke akavaa helmeti, akageuza pikipiki, akaenda kwa mama yake, akakaa huko muda mrefu.

Alikuja kurudi, nashukuru. Lakini kila nikimwuliza Gundi swali hili, anainama kufuta buti ya gari la mtu: baba, ulipomwona mkeo amesimama pale mzima, miguu yako ilikupelekaje mtaroni?