Rehani ya Kiatu Kimoja

Mara ya kwanza Mizani kukutana na Mama Rehani, alikuwa ameinama na grinda mkononi, tayari kukikata kiti cha magurudumu. Alikuwa amekinunua asubuhi hiyohiyo kwa kilo, pamoja na sufuria mbili zilizotoboka na fremu ya baiskeli, wala hakuona tofauti kati ya vitu hivyo. Kwake chuma ni chuma. Hata jina lake alilipata kwa mizani ya kuning'iniza aliyotembea nayo begani tangu enzi za kuokota misumari barabarani, kabla hajawa na yadi wala geti la kufunga.

"Zima hiyo, mwanangu," sauti ilisema nyuma yake. Mama mmoja mfupi, ndani ya sare ya kijani ya wafanyakazi wa hospitali, alikuwa amesimama kati ya marundo kana kwamba yuko sebuleni kwake. "Hicho kiti kina mwenyewe."

"Kila chuma humu kilikuwa na mwenyewe, mama. Sasa mwenyewe ni mimi."

Mama hakubishana. Alikipindua kiti, akamwonyesha chini ya kikalio nambari 41 iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Kisha akauliza kina kilo ngapi. Mizani akakitundika: kumi na sita na nusu. Mama akamwambia kwamba nyuma ya chumba cha kufulia hospitalini kuna ngoma ya mashine iliyoharibika, haipungui kilo thelathini, na katibu wa hospitali amekwisha kuagiza itolewe.

"Wewe nipe kizima, mimi nikupe kilichokufa."

Mizani hakukubali mpaka akaenda kuiona ile ngoma kwa macho yake. Ilitoka kilo thelathini na nne. Siku hiyo alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba amempata mjinga. Mkewe akamuuliza kama huyo mjinga ameondoka na alichokijia. Mizani akaomba chai.

Mama Rehani alikuwa amefua mashuka ya hospitali ile kwa miaka kumi na tisa. Mgongo ulipokataa, wakampa ufunguo wa chumba ambacho hakuna aliyekitaka: magongo, fremu za kutembelea, viti vya magurudumu, vikalio vya chooni vya wasioweza kuchuchumaa. Vitu vya kuazimwa, ambavyo vikitoka havirudi. Mtu anapona, gongo linageuka la kuegemezea mlango wa jikoni. Mzee anafariki, kiti chake kinaanikiwa nguo. Waliomtangulia waliandika namba za simu, na namba zile zilipopigwa zilikuwa hazipatikani, au zilipokelewa na mtu aliyeapa kwamba hamjui mgonjwa.

Yeye aliacha namba, akachukua viatu. Aliyevunjika mguu aliacha kiatu cha mguu mgonjwa, kwa kuwa hakuwa na kazi nacho. Kwa mgonjwa asiyetarajiwa kusimama tena, alichukua kiatu cha mtoto wake mkubwa, yule ambaye msiba ukitokea ndiye atakayekabidhiwa nyumba. Kila kiatu alikifunga kipande cha bendeji chenye nambari, na nambari ile akaiandika kwenye daftari pamoja na jina na nyumba. Viatu vilikaa rafu za juu, magongo chini. Vitu vikaanza kurudi, maana mtu anaweza kuishi na deni la gongo mwaka mzima, lakini hawezi kwenda kazini na kiatu kimoja.

Mizani aliyajua haya shemeji yake alipoanguka kutoka juu ya paa. Alimkokota mpaka dirisha la chumba kile, mguu umevikwa plasta, shemeji analalamika njia nzima.

"Kiatu," alisema Mama Rehani.

Shemeji akamsogezea kandambili.

"Hii kalale nayo. Nataka kiatu unachovaa ukitaka watu wakuone."

"Mama, mimi mtu mzima, nina neno langu."

"Neno lako halina soli, baba. Shemeji yako akalete kiatu."

Mizani akacheka mpaka akashika ukuta. Akaenda kukileta: cheusi, cha ngozi, chenye ncha. Na shemeji, ambaye hajawahi kurudisha hata nyundo, alirudisha magongo siku ileile plasta ilipokatwa, kwa sababu Jumamosi yake alikuwa na harusi.

Mwaka uliofuata katibu alikitaka chumba kile kwa ajili ya mafaili, na Mama Rehani alikuwa amebakiza mwezi mmoja kustaafu. Katibu akamwita Mizani. Hospitali ilihitaji geti jipya la nyuma na reli za kushikilia kwenye ngazi mbili, na haikutaka kutoa pesa; ingelipa kwa vyuma vya chumba kile. Mizani alichungulia dirishani, akaona aluminiamu imesimama safu kwa safu, safi, isiyo na kutu wala rangi ya kukwangua. Moyo ukamdunda, uso akaukunja kama aliyeonyeshwa takataka.

"Nitachomelea vyote," alisema, "lakini nichukue kila kilichomo humo. Sitaki kesho niambiwe hiki chako, kile si chako. Andika hivyo: kila kilichomo."

Katibu akaandika: siku ya mwisho ya mwezi, kila kilichomo chumbani. Mama Rehani alikuwa pale pale, akipangusa vumbi kwenye fremu.

"Siku ya mwisho," alirudia. "Mpaka hapo kazi yangu ni ileile?"

"Ileile, mama," katibu alisema. "Nani atakuingilia?"

Mizani alichomelea siku tisa. Katika siku hizo aliona mambo mjini, hakuyaunganisha. Sokoni alihesabu watu wanane wenye magongo kabla ya saa nne. Muuza mkaa, ambaye goti lilimsumbua tangu Mizani amjue, alikuwa anajikokota na fremu ya kutembelea, anasalimia watu kama diwani. Vizee wawili waliozoea kubebwa mgongoni walipita wakisukumwa kwenye viti.

"Kuna basi limepinduka?" alimuuliza muuza mkaa.

"Basi lipi? Yule mama wa hospitali kapita nyumba kwa nyumba. Anasema mwenye kuumwa asingoje kuvunjika."

Mizani akasema haya, pole na goti, akaenda kununua vijiti vya kuchomelea.

Siku ya mwisho alifika na mikokoteni miwili ya kukodi. Mama Rehani alimkabidhi katibu ufunguo, katibu akafungua mlango. Chini hapakuwa na kitu, hata gongo lenye mpira uliolika. Rafu za juu zilikuwa zimejaa mpaka dari: viatu mia moja na sabini na vitatu, hakuna viwili vilivyooana.

"Vyuma viko wapi?" Mizani aliuliza.

"Vimeazimwa," alisema Mama Rehani. "Ndiyo kazi ya chumba."

Mizani akamgeukia katibu. Katibu akaitoa karatasi, akaisoma taratibu, akaonekana kuanza kuipenda. "Kila kilichomo," alisema. "Maneno yako mwenyewe, bwana. Naomba uvitoe leo, mafaili yanakuja kesho."

Alivitoa. Kuviacha kungekuwa kuondoka mikono mitupu, na Mizani hakuwa na desturi hiyo. Mkewe alifungua gunia la kwanza, akatoa kimoja, akatoa cha pili.

"Geti zima, reli za ngazi mbili," alisema. "Umeleta miguu ya kushoto ya mji mzima."

"Ya kulia ipo pia."

"Nyamaza, baba watoto. Kula."

Lakini Mizani alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake. Wenye viatu watakuja, na hawatakuja mikono mitupu. Siku ya nne akaja mwalimu mmoja na magongo mawili, akitaka kiatu chake cha kahawia. Mizani akapokea magongo, akampa kiatu, na kabla mwalimu hajafika kona grinda ilikuwa imekwisha kulia. Wakaja wawili wengine. Wa nne alikuwa fundi cherehani, naye alileta gongo moja tu. Alikaa juu ya gunia akajaribisha viatu kama yuko dukani, akaondoka na kizuri kuliko chake. Kesho yake mwenye kile kizuri akaja, akakikosa, akaanza kupiga kelele getini kwamba humu ndani mna mwizi wa viatu. Bendeji zilikuwa na nambari tu. Majina yalikuwa kwenye daftari, na daftari, kwa kuwa siku ya mwisho lilikuwa kwapani mwa Mama Rehani, halikuwa chumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hiyo ilikuwa ikipotea mbele ya macho yake. Isitoshe, habari za grinda zilienea. Watu wakaacha kuja. Walisema heri kununua viatu vipya kuliko kupeleka magongo yakachinjwe.

Mama Rehani alikuja wiki ya tatu, safari hii bila sare, daftari limefungwa ndani ya kitambaa. Hakulifungua. Alikaa juu ya tairi.

"Umekata mangapi?"

"Matano."

"Una viatu, mimi nina majina. Viatu vyako bila majina ni ngozi mbovu. Majina yangu bila viatu ni umbea. Tuongee."

Waliongea mpaka chai ikapoa mara mbili. Mama alitaka viatu vyote na kona ya yadi yenye bati. Mizani alitaka nusu ya magongo. Mama akasema hata moja hapati, ila kila anayeazima, siku ya kurudisha atakuja pia na chuma chochote kilichoharibika nyumbani kwake: jiko, springi za kitanda, pasi, bomba. Mizani akauliza wasipoleta je. Mama akamjibu kwamba kiatu kitakuwa bado mkononi. Mizani alikaa akilizungusha lile neno kichwani, akalitafutia tundu, asilione. Akadai mizani yake ndiyo itumike. Mama akakubali, lakini akataka asome yeye.

Mpaka mwaka ulipokwisha, vyuma chakavu vilivyopita getini kwa njia hiyo vilikuwa vimezidi uzito wa chumba kizima alichokikosa, ingawa vilikuwa chuma cha kutu, si aluminiamu, na Mizani aliendelea kulitaja jambo hilo kila alipopata msikilizaji. Zile siku tisa za kuchomelea hakufidiwa. Grinda yake hairuhusiwi kuwashwa ndani ya hatua ishirini kutoka kwenye ile kona. Mama Rehani alipata bati na rafu mpya, akapoteza sare, na pamoja nayo wagonjwa wa wodini, ambao wengi wao hawaambiwi kwamba kuna yadi nyuma ya soko. Viti vitatu alivyoviazima katika zile siku za haraka, bila kuchagua kiatu vizuri, havijarudi. Viatu vya waliovichukua vipo rafuni. Wenyewe, kwa alivyosikia, wamenunua vingine.