Springi Niliyoikata Mwenyewe

Ipo siku moja pale Ngokolo, mwanangu, ambayo kila ninakohamia nahama nayo. Nilikuwa kijana, fundi mgeni katika gereji ya Mama Kabula, mjane aliyeyajua magari kuliko wengi wetu. Wiki ile nilikuwa nimelishusha gari la Juma, mnunuzi wa dhahabu, kwa kukata springi zake za mbele. Likapendeza. Ila likaanza kuvuta kushoto, na tairi la upande huo likawa linalika kwa ndani. Nikarekebisha alaimenti, yaani mnyoosho wa magurudumu, mara tatu. Wapi!

Juma akarudi. "Fundi, gari langu linavuta kama maksai mvivu. Kama kazi imekushinda, sema, ukachunge."

Mafundi wakacheka. Mama Kabula hakucheka. Aliniambia nikishindwa tena, nifungashe. Kisha akauliza taratibu, "Maksai akivuta upande, unamchapa, au unaangalia kwanza nira imekaaje?"

"Naangalia nira, mayu," nikajibu, yaani mama kwa lugha ya kule.

"Basi wewe umeshachapa mara tatu."

Nikalisogeza gari kwenye sakafu tambarare, nikalinganisha upepo wa matairi, nikapima kutoka katikati ya kila gurudumu la mbele hadi ukingo wa bodi. Kushoto kulikuwa chini kwa upana wa kidole. Nikazitoa springi na kuzisimamisha pamoja: ya kushoto niliikata zaidi. Ningeweza kusingizia mashimo ya barabarani, na moyo ulinituma hivyo, lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

"Kosa ni langu," nikamwambia Juma mbele ya wote.

Nikafunga springi mbili fupi za kiwandani, zilizolingana. Kisha nikavuta uzi wa kushonea magunia ya pamba kila ubavu wa gari, nikanyoosha magurudumu kwa kuufuata. Tukaingia barabarani. Penye lami iliyonyooka Juma akaachia usukani. Mimi kando yake sipumui. Gari likaenda mbele, halikugeuka kushoto wala kulia. Alicheka njia nzima ya kurudi.

"Kuanzia leo," Mama Kabula akawaambia mafundi wale wale, "gari lililoshushwa haliguswi kabla huyu hajalipima." Mwanangu, nilitembea kifua mbele mtaa mzima.

Basi shika hili: kitu kikienda upande, usikimbilie kunyoosha kinachoonekana. Anza na kazi ya mikono yako mwenyewe, na ukikuta kosa ni lako, litaje kabla hujatajiwa. Mungu akupe jicho la kuona na ulimi wa kukiri, na popote utakapofika, watu wakukabidhi kazi zao na kwenda kulala kwa amani.